Jovitha Aliikimbia Baridi, Hakuikimbia Nyumbani

Ndugu waombolezaji, Jovitha Isidori Mallya alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, Kirua Vunjo, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Isidori na Mama Candida, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini hadi mwaka 1982, na mwaka 1986 akaja Dar es Salaam, ambako alitembeza vitenge begani hadi akafungua duka lake Mtaa wa Kongo, Kariakoo, duka ambalo mteja aliingia amenuna akatoka anacheka, maana marehemu alikuwa na mdomo, na alijua kuutumia.

Tarehe 11 Julai 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu Wilbert, wakajaliwa watoto wawili, Godbless na Jacqueline.

Desemba 2016, alipokwenda nyumbani kula Krismasi kama ilivyo desturi yetu Wachaga, masikio na miguu yake ilitoka mabaka ya zambarau, yakapotea aliporudi kwenye joto la Dar, na mwaka uliofuata yakaja na vidonda, wazee wakasema kuna jambo la ukoo halijakaa sawa, mbuzi akachinjwa, na mabaka yakabaki palepale. Marehemu akaacha kwenda, na mdogo wake Elibariki, anayewasomea historia hii, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba dada ameshakuwa wa mjini, anadharau kwao, maneno yaliyomliza marehemu kuliko vidonda.

Bi Kuruthumu, jirani yake wa dukani, ndiye aliyeona vidole vyake vikibadilika rangi kila akitoa soda kwenye friji, akafunga duka lake na kumpeleka hospitali akiwa amemshika mkono, na tarehe 11 Februari 2020 madaktari wakaeleza kwamba alikuwa na saratani ya damu, iliyojaza ndani ya damu yake protini zinazoganda mwili ukipoa, kama ulivyopoa kwenye baridi ya Kirua. Alitibiwa miaka mitano huku akiuza vitenge, amevaa soksi za sufu katika jua la Kariakoo na kuwatania waliomcheka, hadi alipofariki tarehe 19 Mei 2025, akiwa ameagiza azikwe Kirua, kwenye kihamba cha wazazi, shamba la migomba la ukoo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyabiashara wenzake wa Mtaa wa Kongo, na Bi Kuruthumu kwa namna ya pekee.

Elibariki alimtembelea wodini mara nne, na mara zote nne, kwa aibu, akazungumzia mvua na migomba, kwa hiyo msamaha anauomba leo, mbele yenu. Pumzika kwa amani, dada, hukutudharau hata siku moja.