Bi Graciete Fontoura, Aliyeufikisha Mvinyo Wetu Ireland kwa Haki

Baada ya miaka thelathini na minne katika Ushirika wa wakulima wa zabibu wa Vale da Carriça, hapa Ureno, Bi Graciete Fontoura, mkuu wetu wa mauzo ya nje, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kwa kubandika nembo kwenye chupa, akasomea sheria za forodha jioni huko Vila Real, akapanda hadi ofisi ya juu. Kila Ijumaa hutuletea mkate wa nyama, na huimba vibaya bila haya. Madereva wamembatiza Forodha. Akitokea ghalani utasikia, "Anakuja Forodha, ficheni hata maji ya kunywa." Naye huwaambia maji yao ameshayatoza ushuru.

Tutakalomkumbukia zaidi lilitokea mwaka ule wanunuzi wetu wakubwa wa Porto walipotukimbia. Mapipa yalijaa, wakulima wakaanza kuzungumzia kung'oa mizabibu, tukaamua kuuza mtandaoni. Oda za kwanza zilitoka Ireland. Bi Graciete alikuwa likizo, amefiwa na mama yake. Mwenyekiti wetu, Senhor Aníbal, akaamuru shehena iondoke. Hapa kwetu mvinyo wa kawaida hautozwi ushuru wa pombe, basi tukadhani mambo yamekwisha. Kumbe ushuru hudaiwa kule mvinyo utakakonywewa, na muuzaji lazima ajisajili huko na kuweka dhamana kabla gari halijaondoka. Shehena ikazuiwa Dublin.

Senhor Aníbal alitaka tuwasingizie wasafirishaji. Bi Graciete, akiwa bado na nguo nyeusi za msiba, alikataa katakata, akafunga safari ya Dublin. Mimi, msaidizi wake ofisini, nilikwenda naye.

Ofisa wa forodha wa huko aliuliza kosa ni la nani.

"Ni letu," akasema. "Hakuna aliyetudanganya. Tulituma kabla ya kujisajili."

Akaambiwa mvinyo hautarudi, utamwagwa. Akaomba ashuhudie. Tulisimama pale hadi chupa ya mwisho, jasho la watu tunaowajua kwa majina, na hakugeuza uso. Mimi niligeuza.

Zilipokwisha, akauliza dirisha la kujisajili liko wapi.

Tuliporudi aliwaeleza wakulima ana kwa ana, wengine wakimkaripia, akatulia mpaka wamalize. Kisha akamwandikia kila mnunuzi. Karibu wote walikubali kusubiri. Shehena ya pili ilifika milangoni mwao, ushuru umelipwa, na kwenye mkutano mkuu Senhor Aníbal alisimama akasema mbele yetu sote, "Graciete, uliniepusha na uongo."

Leo tunauza hadi Finland, na mizabibu yote ingali ardhini.

Asante, Bi Graciete. Nenda ukafurahie mapumziko yako, uamke jua likiwa limeshapanda, na kila siku iliyo mbele yako ikutendee haki kama ulivyotutendea sisi.