Hodi Langoni

HILARIA: Haloo? Ni nani? Mbona namba hii siijui—

AMNE: Hilaria! Ni mimi, Amne. Jirani yako, umeshanisahau?

HILARIA: Mama Sabiri! Yesu na Maria! Nikajua matapeli wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Uko Ethiopia kweli au umejificha Mombo?

AMNE: Niko Harar, mwenzangu. Simu ya dada anayetutembeza, nimeazima. Salio lenyewe dogo. Magoti je?

HILARIA: Magoti yapo, yananitesa. Haya, hadithia! Mwanao kakulipia safari ya kuona ukuta, umeuona?

AMNE: Nimeuona. Mji mzima umezungushiwa ukuta wa mawe, wa tangu enzi na enzi. Unaingia kwa lango, kama unaingia uani kwa mtu. Basi mimi si nikasimama pale, nikavua ndala—

HILARIA: Ukavua ndala!

AMNE: Nikaita, "Hodi!"

HILARIA: (anacheka) Hodi kwa mji? We mwanamke!

AMNE: Wallahi. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Punda wanapita na kuni, wenzangu wa msafara wameshaingia zamani, mimi nimeganda, ndala mkononi. Ya tatu, kimya. Na ya tatu isipojibiwa si unageuka unaondoka? Sasa mimi ningegeukia wapi?

HILARIA: Mbavu sina, Amne! Akakukaribisha nani?

AMNE: Hakuna. Ndipo nikakukumbuka wewe.

(simu inakwaruza)

AMNE: Haloo? Upo?

HILARIA: Nipo. Mtandao tu huu.

AMNE: Maana tangu Muhidini wangu afariki ni wewe tu. Natoka sokoni Manundu na kikapu changu, napiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe kama mwehu, na wewe huko nyuma ya michongoma—

HILARIA: "Karibu, mwenye nyumba!"

AMNE: Enhe! Hapo ndipo naingiza ufunguo. Bila hivyo ile nyumba inanitisha, nakwambia kweli.

HILARIA: Hebu tuambie ya soko, bwana. Umenunua nini?

AMNE: Soko! Kuna kichochoro kizima mafundi cherehani wamejipanga kulia na kushoto, wanashona, krrr, krrr. Nikafumba macho, nikajiona niko barazani kwako. Nimekuchukulia kitambaa chekundu, kina— Huko kuna nini? Nani anapiga kelele?

HILARIA: Watu tu wanapita.

AMNE: Nimemsikia mtu anasema cherehani ikae juu ya godoro.

HILARIA: Aa, fundi kaja kuitazama, ilikuwa inakata nyuzi—

AMNE: Juu ya godoro? Usinizungushe, mama Evodia.

HILARIA: Ni Evodia. Kaja na gari kunihamisha. Mwenye nyumba ameuza, Amne. Alituambia sisi wapangaji kabla hujasafiri.

AMNE: Kabla sijasafiri.

HILARIA: Ndiyo.

AMNE: Gauni hili nililovaa umenishonea wewe. Ulikuwa unanipima kiuno huku unanichekesha, na kumbe unajua?

HILARIA: Ningekwambia, ungeenda?

AMNE: Nisingeenda!

HILARIA: Si ndiyo hivyo! Ungebaki hapa tunaliliana. Nilitaka na wewe uone kitu duniani.

AMNE: Nimeona ukuta, Hilaria. Ndicho nilichoona, ukuta.

HILARIA: Usilie kwenye simu ya watu.

AMNE: Nisubiri, basi. Chumba cha Sabiri kipo, kitanda kipo, ingiza vitu vyako. Tuzeekee hapo hapo.

HILARIA: Kipo, najua. Nimekifikiria, usidhani sijakifikiria. Lakini Evodia ni mjamzito, tumbo limeshuka, na kule Bungu hana mtu. Nitamwachaje mwanangu?

AMNE: Haya. Humwachi.

HILARIA: Ufunguo wako uko kwa Zamda, yule wa mihogo. Kuku nao nimewakabidhi kwake, ila jogoo wako ana kiburi, kamdonoa mkono—

AMNE: Atajibu nani?

HILARIA: Hee?

AMNE: Nikirudi, nikapiga hodi. Atajibu nani?

HILARIA: Ukifika mlangoni nipigie simu. Nitaitikia huko huko niliko.

AMNE: Kwa Evodia mpaka upande kilima ndipo simu ishike. Umeniambia mwenyewe.

HILARIA: Nitapanda.

AMNE: Na magoti hayo?

HILARIA: Nimesema nitapanda! Mambo ya kuniliza mbele ya watu wa gari hayo. Ngoja— nakuja, Evodia, nakuja! Wamewasha gari, Amne. Mvua ikitangulia, ile barabara ya juu hatupiti.

AMNE: Subiri! Niitikie sasa hivi. Mara moja tu, nirudi nayo nyumbani.

HILARIA: Salio la watu, Amne—

AMNE: Hodi!

(simu inakwaruza)

HILARIA: —sikusikii, sema tena—

AMNE: Hodi, Hilaria!

HILARIA: Karib—

(simu inakatika)

AMNE: Haloo? Hilaria? Haloo?

(kimya)

AMNE: Hodi?