Alama Tatu kwenye Ramani

Kisa hiki alinisimulia kwanza mjomba wangu, fundi wa mashine za boti, Jumapili moja ya mwaka 1996, siku mbili baada ya kung'olewa jino. Niliandika siku ileile. Kijiweni walikuwa watatu, na wote walivua: mjomba, aliyeitwa Spana, Kapteni, ambaye melini alikuwa mpishi tu, na Pweza, mzamiaji. Juu ya benchi, kando ya birika la kahawa, palikuwa na ramani. Mpimaji wa bandari aliwaachia asubuhi: njia mpya ya meli kubwa ingepita mbele yao, na kila mmoja atie alama mahali ambapo meli zisipite wala kutia nanga. Angeichukua saa kumi. Kesho yake njia ingechorwa.

PWEZA: Nanga moja ya meli zile ni nzito kuliko nyumba yako, Spana. Ikiburutwa kwenye matumbawe, hasalimiki hata konokono.

SPANA: Nyumba yangu iache. Kubwa ni kelele. Mashine zile zikinguruma, samaki anakuwa kiziwi.

KAPTENI: Kiziwi wapi! Mimi nimeishi melini miaka tisa...

PWEZA: Jikoni.

KAPTENI: Jikoni si melini? Shida ni maji ya tumboni. Meli inajaza maji huko mbali isiyumbe, inakuja kuyamwaga hapa, na kaa wageni humohumo. Mwisho tutavua samaki asiyejua Kiswahili.

SPANA: Kwani wa sasa anakijua?

KAPTENI: Wa sasa ukimtukana anakasirika.

PWEZA: Basi tuweke taa za barabarani baharini. Ikiwaka nyekundu, meli isimame, pomboo wavuke.

KAPTENI: Na trafiki?

PWEZA: Papa. Nani atambishia?

Saa kumi mpimaji akaja, dada mwenye miwani.

MPIMAJI: Shikamooni, wazee wangu.

WOTE: Marahaba.

MPIMAJI: Alama hii ya nani?

SPANA: Yangu, mwanangu.

MPIMAJI: Hapa ni mchanga mtupu. Na hii?

KAPTENI: Mimi hiyo.

MPIMAJI: Mchanga tena. Na hii nilipima mwenyewe juzi, ni tope.

Pweza akakohoa.

MPIMAJI: Samahani, wazee. Hao samaki mnaoleta kila siku, mnawatoa wapi?

Pale kijiweni watu waliazimana mpaka mashati, lakini hakuna aliyemwonyesha mwenzake mahali anapovua. Kapteni akainamisha birika, halikutoa tone.

MPIMAJI: Nikiondoka na ramani hii, meli zitapita kwingine kote.

Mjomba akainuka, akamwita nyuma ya ukuta wa karakana, akamnong'oneza. Akarudi, akaketi, hakumtazama mtu. Akaenda Kapteni. Akaenda Pweza.

Mwezi uliofuata ramani ilibandikwa ofisi ya bandari. Njia ya meli ilikuwa imepinda, ikizunguka duara moja tu. Miaka yote ile walikuwa wakienda kwenye mwamba uleule, kila mmoja kwa saa zake, kila mmoja akiamini yuko peke yake.

— Wezi wakubwa nyie, alisema Pweza.

Wiki nzima hawakusemeshana.

Kapteni alifariki mwaka 2003, Pweza mwaka 2011. Mpimaji yu hai, amestaafu. Mjomba naye yu hai, ana miaka themanini na mbili.