Bi Glenda Ackroyd na Vipande Vilivyopinda

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Bi Glenda Ackroyd anastaafu baada ya kuitumikia Maktaba ya Mafumbo ya Picha ya Thorley Bridge kwa miaka thelathini na minne. Katika muda huo wanachama wanaoazima picha zetu za vipande vya kuunganisha wameturudishia mafumbo yenye makombo ya biskuti, manyoya ya paka na, mara moja, jino la bandia. Yote hayo ameyavumilia. Kitu kimoja tu hakuwahi kukivumilia: kipande kilichopinda.

Alianza mwaka 1991 kama mhesabu vipande. Wiki yake ya kwanza alikabidhiwa fumbo la kondoo malishoni, vipande mia tano vya kadibodi vilivyojikunja kwa unyevu. Kwa kutaka kuonyesha bidii alikwenda navyo nyumbani, akavipanga kwenye trei na kuvitia ndani ya oveni. Mumewe, Roy, aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni akinusa.

“Pai ya nini leo, kipenzi?”

“Ya kondoo,” alijibu Glenda, akaanza kulia.

Kondoo wote walitoka weusi. Asubuhi alikwenda kukiri kosa akiwa amejiandaa kufukuzwa, lakini badala yake akapewa boksi jingine na kuambiwa ajaribu tena, safari hii bila moto. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kwa dhati.

Sisi tunaofanya kazi naye tunaijua njia yake hata tukiwa usingizini. Vipande vinapangwa juu ya wavu, ndani ya beseni la plastiki lenye kitambaa kibichi chini, kisha mfuniko unafungwa kwa saa kadhaa. Maji yasiviguse, vinahitaji unyevu tu, mpaka vilegee. Halafu vinalazwa kati ya karatasi za kunyonya maji, ubao juu, uzito juu ya ubao. Karatasi zinabadilishwa kila siku. Ukiuliza vitakuwa tayari lini, atakujibu, “Vikiwa tayari.” Mimi nimeuliza mara nyingi. Jibu halijabadilika.

Lakini alipenda zaidi kuzuia kuliko kutibu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu mnavyovikuta ndani ya kila boksi, kama vile vya maboksi ya viatu, ni wazo lake. Yeye ndiye aliyehamisha rafu kutoka ukuta wa nje unaotoa jasho, na yeye ndiye aliyebandika tangazo la kukataza mafumbo kukaa dirishani, darini, au karibu na kipasha joto. Mchungaji wetu aliporudisha fumbo la daraja la mawe likiwa limejikunja kama maganda ya viazi, ilibainika kwamba alikuwa akilipanga bafuni, juu ya ubao, huku akiloweka miguu.

“Mungu atakusamehe leo hii, Mchungaji,” Bi Glenda alimwambia mbele ya foleni nzima. “Kadibodi itachukua wiki tatu.”

Sasa nifike kwenye mafuriko, maana bila hayo wasifu huu ungekuwa wa kuchekesha tu.

Miaka sita iliyopita, mwezi Novemba, Roy alifariki. Bi Glenda alirudi kazini baada ya mazishi, akahesabu vipande, akaenda nyumbani, bila utani na bila kumkaripia mtu. Mwezi Januari alimpa mwenyekiti wetu, Bwana Clifford Ogden, barua ya kuacha kazi. Bwana Ogden aliiweka ndani ya droo akisema ataijibu. Februari mto ukapanda usiku mmoja, ukaingia kwenye jengo, na tulipofungua mlango tulikuta rafu za chini zimezama. Maboksi mia moja na arobaini yalikuwa yameloa chapachapa.

Kamati ilikutana hapohapo, kwenye matope. Wengi walitaka kila kitu kitupwe na maktaba ifungwe kabisa. Bwana Ogden alikuwa ameshaagiza kontena la taka. Bi Glenda, ambaye kwa miezi mitatu hatukuwa tumesikia sauti yake, akasema, “Hakuna anayetupa kitu hapa. Nipeni mwezi mmoja.”

“Glenda, huu ni uji,” alisema Bwana Ogden.

“Mengine ni uji. Mengine yamelowa tu. Clifford, wewe mwenyewe umelowa mpaka magotini, na hatujakutupa.”

Mabeseni yetu hayangetosha, kwa hiyo akaugeuza mji mzima kuwa karakana. Alisimama kwenye foleni ya bucha, akasimama nje ya kanisa, akasimama baa, na kila mahali alitoa boksi moja, karatasi, na maelezo yaliyoandikwa kwa mkono. Nyumba zaidi ya themanini zilipokea. Watu walikandamiza vipande kwa matofali, kwa mikebe ya maharage, kwa Biblia za ukoo. Bwana wa bucha alituazima jiwe lake la marumaru. Bi Glenda alizunguka kila jioni kwa miguu kukagua, na nyumba moja ilipojaribu kuharakisha kwa kuweka vipande juu ya kipasha joto, alisikika mpaka barabara ya pili. Sisi tuliokuwa naye tulitazamana tukicheka kwa furaha. Glenda wetu alikuwa amerudi.

Siku moja katikati ya kazi hiyo alimwendea Bwana Ogden. “Hujanijibu barua yangu.”

Mzee alifungua droo, akatoa karatasi iliyovimba, wino umetapakaa wote. “Siwezi kuisoma,” alisema. “Imelowa.”

“Basi ikaushe.”

“Sijui kukausha. Kaa unifundishe.”

Alikaa. Amekaa miaka sita.

Mafumbo kumi na tisa hayakuokoka, na anayakumbuka yote kwa majina. Mengine yote yamo kwenye rafu zetu. Alhamisi iliyopita alikuja mwanachama mpya, mama aliyehamia mjini majuzi na asiyemjua mtu. Aliazima moja kati ya hayo mia moja na ishirini na moja, akakaa kulipanga kwenye meza ya mbele. Kufika saa kumi watu watatu walikuwa wameshavuta viti kumsaidia. Vipande vyote elfu moja vililala bapa, na yule mama akasema hajawahi kuona fumbo lililotunzwa vizuri hivi. Alidhani halijawahi kupata shida.

Bi Glenda alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alimsogezea biskuti, kisha akaziondoa mezani kabla makombo hayajadondoka.

Bi Glenda, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa mwezi ule mmoja. Nenda kapumzike kwa dada yako kule pwani, ule samaki na chipsi, na ukiona unyevu ukutani, uuache kama ulivyo. Sisi wote wa Thorley Bridge tunakuombea afya, vicheko, na siku nyingi zisizo na haraka.

Stephen Lumb, kwa niaba ya wafanyakazi wa maktaba