Jina Analolilia Mtoto

Kwenye benchi la barabara ya kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bariadi, Bibi Nyamizi alimimina kahawa kwa mkono mmoja, wa pili ukimpigapiga mjukuu aliyembeba mgongoni. Siku ya tatu mtoto analia, tangu apewe jina la Shanti, na zahanati walishasema haumwi. Kwa Wasukuma, mtoto wa hivyo analikataa jina. Anataka jina la mtu wa ukoo. Ndiyo maana shemeji yake, Machibya, mzee wa ukoo, alikuwa njiani kutoka Ipililo kuja kulibadilisha. Jina alilitoa Nyamizi mwenyewe, na moyo wake uligoma kuliachia.

— Hilo jina la lori, alisema Masunga, wanayemwita Mizani kwa sababu alipima pamba miaka ishirini. — Lori la Mhindi, limeandikwa SHANTI usoni. Lilikuwa halipandi mlima mpaka tusukume.

— Wewe kila kitu lori, akasema Jilala, ambaye kijiweni ni Redio. — Hiyo ni dawa. Wahindi wanalitamka mara tatu. Bibi, wewe ulilitamka mara ngapi?

— Moja.

— Si unaona? Umemwacha mtoto njiani.

— Kwanza neno lenyewe la kwetu hukuhuku, Mizani akaongeza. — Walilibeba Wahindi, ndani ya marobota ya pamba.

— Na wewe ukalipima, akadakia Redio.

Nancy, fundi cherehani wa kibanda cha pili, alisoma kwenye simu yake.

— Ni Kisanskriti, lugha ya kale sana ya India. Maana yake amani. Limetokana na kutulia, kunyamaza.

Mtoto akaangua kilio. Benchi zima likacheka, Nyamizi naye kidogo.

— Huyu Kisanskriti hajasoma, alisema Redio.

Machibya alifika na baiskeli yake.

— Mwangaluka, shemeji.

— Mwangaluka. Karibu kahawa.

Alikunywa, akawasikiliza mpaka wakachoka.

— Mimi nauliza moja tu. Huyo Shanti alikuwa nani kwetu?

Nyamizi akaweka birika chini.

— Mke wa Mhindi wa duka la vitambaa. Nilipozika mtoto wangu wa kwanza, mlikuja wote mkasema mengi. Yeye Kiswahili hakujua. Alikaa chini na mimi, akanishika mgongo, anasema neno moja tu, nami nikalishika kuwa ndilo jina lake: shanti, shanti, shanti. Ndipo nikapata usingizi.

Machibya akamgeukia mtoto.

— Basi mwambie mtoto hivyohivyo.

Nyamizi alimfungua mtoto, akakaa chini kwenye vumbi, akamshika mgongo, akaanza kulitamka jina. Redio akahesabu kwa vidole. Ya kwanza, kilio. Ya pili, kilio. Ya tatu mtoto hakulala, ila alinyamaza akamkazia macho bibi yake.

— Huyo mama Mhindi ni wa ukoo, alisema Machibya, akanyoosha kikombe.

Birika lilikuwa tupu. Hakuna aliyelalamika.