Kidonda cha Pembeni mwa Pua

Benchi la pale kona, kati ya kinyozi na duka la simu, hubeba watatu kwa raha na wanne kwa kubanana. Asubuhi ile lilibeba wanne, maana Fundi Saa alikuwa amerudi, bandeji imemkaa puani, na kila mtu alitaka kumwona kwa karibu. Ni mtu mwenye ualbino, mpole, aliyezoea kutazama vitu vidogo kwa jicho moja huku jingine amelifumba. Kahawa ikamiminwa. Breki, dereva wa lori mstaafu, akafungua kesi.

— Nasikia wana mashine ya kunusa saratani. Inakunusa uso mzima, ikifika penyewe inapiga honi.

— Hiyo ya zamani, alisema Profesa, aitwaye hivyo kwa kusoma magazeti ya kufungia sukari. Siku hizi wanakupiga mwanga, unaonekana mpaka mawazo.

Fundi Saa alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, nyuzi zisimvute. Hakuna mashine iliyomgundua, akawaambia. Aliyemgundua ni huyu hapa, Kinyozi.

Akawasimulia. Kilianza kipele, kikapasuka, kikafanya gamba. Gamba likabanduka, damu ikatoka, gamba likarudi. Miezi sita ikawa hivyo hivyo. Siku moja kwenye kiti cha kunyolewa aliulizwa hicho ni nini, akajibu kwamba ni wembe tu. Kinyozi akaweka mashine chini.

— Anayekunyoa ni mimi. Hapo sijawahi kukukata.

Kisha akafunga duka saa nne asubuhi, wateja wawili wakiwa wamekaa, akamshika mkono mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mama mfupi asiye na maneno mengi. Alikimulika kile kidonda kwa kioo cha kukuzia, akakata kipande kidogo kwenda kupimwa. Majibu yalichukua wiki mbili: saratani ya ngozi. Fundi Saa aliuliza kama pua itabaki. Daktari akamwambia saratani imewahiwa mapema, na kwamba hatakata zaidi ya panapohitajika.

Siku ya upasuaji Fundi Saa alilala macho wazi, uso umekufa ganzi. Daktari alikata utando mwembamba, akaenda kuutazama kwenye hadubini, akarudi: upande mmoja bado. Akakata tena, akaenda, akarudi. Mara ya tatu alisema pamekuwa safi, akaziba pengo kwa ngozi ya nyuma ya sikio.

— Nimeshika saa miaka thelathini, alisema Fundi Saa polepole. Mkono uliotulia vile sijauona.

Profesa akainama mbele kuikagua bandeji.

— Ngozi ya sikio iko puani. Basi pua sasa itakuwa inasikia.

Breki akasogea mbali kidogo, akanong'ona kwamba hapo hasengenyi mtu tena. Kinyozi alijaribu kusema hakufanya kitu, wakamkatalia, wakamjazia kikombe chake kabla ya vyao. Breki alitangaza kwamba kijiwe hiki kina macho ya daktari. Wangefungua kliniki hapa hapa.

Dada mkubwa wa Fundi Saa, aliyekuja jana yake kumuuguza, alikuwa amesimama nyuma yao na kofia pana mkononi. Alimvalisha mdogo wake, akaishusha mpaka ikafunika pua, maana jua lilishafika benchini. Kisha akawageukia Breki na Profesa, bila ukali.

— Nyinyi mnakaa naye hapa kila siku, ndugu zangu. Hiyo miezi sita, hamkukiona?

Breki alitazama ndani ya kikombe. Profesa alikunja gazeti, akalikunjua. Fundi Saa alitaka kuwatetea, akafungua mdomo, kisha akakumbuka kwamba hata yeye nyumbani ana kioo.