Konzi Tatu za Mzee Shaka

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya kukadiria, Mzee Shaka anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye mafaili. Hili la Shaka alilipata hapa kazini, kwa jasho lake.

Kazi yake ilikuwa kutaja bei ya haki ya sarafu kuukuu zinazoletwa kwa magunia. Ukizitazama moja moja utazeeka na gunia halijaisha. Kwa hiyo alichota konzi tatu, ya juu, ya katikati na ya chini kabisa, akazichambua, kisha kwa hizo akakisia gunia zima. Konzi ya juu hakuiamini kamwe. Alisema juu ya gunia ni kama sebule ya mtu anayengojea wageni.

Muuzaji akicheka sana, bei ilishuka. Akinyamaza sana, ilishuka pia. Ukimsifu Mzee, alivua miwani akuangalie vizuri, ajue nani kakutuma.

Mwaka mmoja mtu tusiyemjua akaleta gunia lisilo na dosari. Konzi zote tatu zilitoka safi. Sisi tukafurahi, na bosi (asome tu, hatanuna) akaanza kutafuta kitabu cha hundi. Mzee akakunja uso. Gunia la kweli, alisema, lazima likuudhi mahali fulani. Akalimwaga lote sakafuni. Kumbe nzuri zilikuwa tabaka tatu tu, pale pale mkono wake unapopita. Kwingine kote zilijaa sarafu zilizolika hadi hazina sura.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ufundi ule tuliujua watu wa chumba kile tu. Tukaanza kutazamana kwa pembe ya jicho, na kila droo ikapata kufuli. Mwishowe lawama zikamwangukia mpimaji wa mizani, kwa kuwa alikuwa mgeni kazini na hakuwa na wa kumtetea. Mpimaji huyo ni mimi ninayeandika haya. Nyumbani nilikuwa na mama mgonjwa na wadogo zangu wakisoma kwa mshahara wangu. Nilifunga mkoba huku nalia.

Mzee naye alinishuku kama wengine, sitamsafisha. Ila alipomaliza kutushuku sote, alibaki yeye mwenyewe. Ndipo akamkumbuka shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye yeye Mzee aliwahi kumsimulia konzi zake kwa majigambo. Akamfuata nyumbani, akambana mpaka akakiri kumpasha mwenye gunia. Kisha akaingia kwa bosi, mlango wazi, sote tukisikia.

"Mwacheni binti wa watu. Siri nimeitoa mimi, kwa mdomo wangu."

Alikatwa mshahara, na ukweni hakukanyaga muda mrefu. Nami nikafungua mkoba.

Tangu siku hiyo hakuchota tena mwenyewe. Aliniachia mimi nichote popote nipendapo, naye akageukia ukutani asione, hadi nimalize. Sijui kama wenzangu mliwahi kuuona vizuri mgongo ule. Mimi niliutazama miaka yote hii.

Jumatatu nitakalia kiti chake. Mpimaji mpya asiudhike nikimkazia macho. Mtu wa kumgeuzia mgongo hapatikani kirahisi.

Ahsante, mzee wangu. Ukale uzee wako kwa afya na raha.